Njia ya Chalbi inapitika, lakini nani aliyepita?

Tangu barabara kuu ya kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale ilipokamilika kutiwa lami katika muongo wa 2010, jangwa la Chalbi limesogea karibu na shule na vyuo vyetu. Safari ambayo zamani ilimla msafiri siku mbili tatu za vumbi na mawe sasa yaweza kumfikisha mjini Marsabit siku ile ile aliyoondoka Nairobi, mwendo unaozidi kilomita 500. Si ajabu basi kwamba kila ikaribiapo likizo ya Agosti, walimu wa Jiografia, wa Historia na hata wa Kiswahili huketi kupanga ziara ya kaskazini: magari mawili, mahema, vyakula vya makopo, na wanafunzi kumi na wawili wenye hamu ya kuliona jangwa kwa macho yao wenyewe.

Mimi ni miongoni mwa wanaoziunga mkono ziara hizi. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa Kenya anaweza kuichora Sahara na Kalahari bila ya kukitazama kitabu, ilhali Chalbi hawezi kuinyoshea kidole katika ramani ya nchi yake. Lakini nimepata kuisoma mipango kadhaa ya ziara za aina hii, na aghalabu ina kasoro moja. Kurasa za mwanzo zote ni za gari: magurudumu, jeki, mafuta, kamba ya kukokotea. Watu watakaoulizwa habari za njia, za maji na za mvua hupewa mstari mmoja mwishoni: "Tutatafuta mwongozaji tukifika." Hoja yangu ni kwamba mstari huo ulistahili kuwa wa kwanza, na ulistahili kurasa nyingi kuliko jeki.

Tuanze na mahali penyewe. Chalbi imo katika kaunti ya Marsabit, baina ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana. Kaskazini yake kuna vilima vya Huri, na magharibi umesimama Mlima Kulal. Uwanda huu ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Wakati wa kiangazi uso wake huwa mweupe kwa chumvi, mgumu, laini kama meza, na dereva mgeni hushawishika kukanyaga mafuta na kwenda atakako. Lakini mvua ikinyesha katika miinuko inayouzunguka, maji huteremka uwandani na, kwa kukosa pa kutokea, hulala hapo hapo. Jua likiwaka, ganda la juu hukauka mapema na tope hubaki chini yake. Gari lililoonekana kuwa juu ya saruji huzama ghafla hadi kwenye ekseli.

Lugha yetu ingeweza kutuonya. Wakazi wa pwani wanalijua neno wangwa: ardhi tupu ya tope na chumvi, ambayo hukauka maji yanapokupwa na kufunikwa bamvua linapojaa. Jangwa ni jamaa wa neno hilo hilo, likiwa limekuzwa umbo. Sisi wa siku hizi tukisikia jangwa huwaza mchanga na ngamia tu. Aliyelisikia neno hili pamoja na nduguye wangwa angejua kuwa anazungumziwa uwanja wa chumvi ambao leo ni mkavu na kesho una maji. Sijui namna fupi zaidi ya kuieleza Chalbi.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu ndizo zitakazotuonyesha kwa nini gari peke yake halitoshi. Chukua wanafunzi kumi na wawili na walimu wawili, jumla watu kumi na wanne. Katika joto linalokaribia nyuzi 40, mtu mmoja apangiwe lita nane kwa siku za kunywa, kupikia na kunawa kidogo. Kundi zima litahitaji lita 112 kwa siku. Kwa siku tano ni lita 560, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hiyo ni zaidi ya nusu tani kabla hajapanda mtu yeyote na kabla haujapakiwa mfuko mmoja wa unga. Mzigo huo ukiwekwa juu ya keria, gari litayumba kama mlevi. Ukiwekwa ndani, wanafunzi hawana pa kukaa. Gari lililolemewa, isitoshe, ndilo linalozama haraka mchangani.

Suluhisho la busara ni kubeba akiba ya siku tatu, yaani lita 336 zilizogawanywa sawasawa katika magari mawili na katika mitungi mingi midogo, ili mmoja ukitoboka yasipotee yote, kisha kujaza tena njiani. Hapo ndipo mpango unapotoka mikononi mwa fundi na kuingia mikononi mwa wenyeji. Kujaza wapi? Ramani huonyesha alama ya kisima. Haionyeshi kama kisima hicho kina maji mwezi huu, kama maji yake ni ya chumvi, kama pampu imeharibika, wala ni zamu ya nani kunywesha. Kalacha ina chemchemi na mikoma yake, na North Horr ina visima, lakini hata huko maji yana wenyewe. Kwa Waborana, kwa mfano, zamu za kunywesha mifugo kisimani husimamiwa na mtu anayeitwa abba herega. Mgeni anayeteremka garini na mitungi ishirini na kujipeleka mbele ya ngamia waliongoja tangu alfajiri hajakosa adabu tu. Amevuruga utaratibu ambao maisha ya watu yameuegemea. Na asijidanganye yeyote kwamba Ziwa Turkana liko mbele. Maji yake yana magadi na si ya kutegemewa kwa kunywa. Mamba nao wamo.

Mafuta nitayapita upesi. Mzunguko wa kutoka barabara ya lami hadi Maikona, Kalacha, North Horr na Loiyangalani, kisha kurudi kwenye lami kwa njia ya Laisamis, ni karibu kilomita 500. Kipande cha mwisho kina nafuu, kwa sababu barabara hiyo ilitengenezwa ili kusafirisha mitambo ya umeme wa upepo iliyozinduliwa mwaka 2019. Kila gari lipangiwe lita moja kwa kilomita tano, kisha iongezwe nusu ya jumla hiyo. Tangi lijazwe Marsabit. Mafuta ya mitungi hupatikana katika vituo vya njiani, lakini yahesabiwe kuwa bahati, yasiingizwe katika mpango.

Nirudi kwenye maswali, kwa kuwa hapa ndipo penye taaluma yangu. Mwalimu anafika Maikona, anateremsha kioo cha gari na kumwuliza mpita njia: "Je, njia ya Kalacha inapitika?" Naye hujibiwa: "Inapitika." Mwalimu anashukuru na kuondoka. Hakuna aliyesema uongo, lakini hakuna aliyepata habari. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba katika kauli ya kutendeka mtenda hatajwi. Mlango unafunguka, mzigo unabebeka, njia inapitika. Na nani? Kwa mchungaji mwenye ngamia njia hiyo hupitika karibu mwaka mzima. Kwa lori lenye magurudumu makubwa na watu ishirini wa kulisukuma, hupitika siku mbili baada ya mvua. Kwa gari la wanafunzi lililojaa maji na mahema huenda lisipite kwa juma zima. Kiambishi kile kidogo, -ik-, kimewaficha wote watatu.

Isitoshe, swali lenyewe limekwisha kuonyesha jibu analolipenda muulizaji, na katika jamii zetu nyingi ni vigumu kumvunja moyo mgeni aliyetoka mbali. Dawa ni kuuliza kwa kauli ya kutenda, na kuuliza mambo yaliyokwisha kutukia. Nani amepita mara ya mwisho? Siku gani? Gari la namna gani, lilikuwa tupu au limebeba? Alitokea upande gani, naye alizungukia wapi? Kuna aliyekwama wiki hii? Maswali haya hayana jibu la "ndiyo". Anayejibu hana budi kusimulia. Msimuliaji naye hutaja mambo ambayo mgeni asingejua kuyauliza: kwamba lori la juzi lilizama karibu na mahali fulani, kwamba wafugaji wamehamia upande wa pili, kwamba kijito fulani kilishuka jana.

Vivyo hivyo kwa umbali. Neno "hapo tu" halina kilomita ndani yake. Aulizwe mtu: ukiondoka hapa na mifugo alfajiri unafika saa ngapi? Jibu la saa laweza kubadilishwa kuwa kilomita. Jibu la "si mbali" haliwezi.

Na kabla ya maswali kuna salamu. Sisi wa mijini tumeifanya salamu kuwa pumzi tu. "Habari?" "Nzuri." Mtu husema nzuri hata nyumba yake ikiungua. Tumesahau kwamba neno habari lina maana yake. Kwa wafugaji wa kaskazini salamu bado ni mabadilishano ya habari kwa maana kamili. Huulizwa habari za amani, za mifugo, za malisho na za mvua: imenyesha wapi, imekosekana wapi, watu wamehamia upande gani. Hebu mwenye mpango ayatazame mambo hayo manne. Amani ndiyo usalama wa njia. Mvua ndiyo hali ya Chalbi. Malisho na mifugo vitamwambia penye watu na penye maji. Mgeni anayeiona salamu kuwa ni kupoteza wakati, akaikatiza ili aulize njia, ameikatiza ile ile taarifa aliyoijia. Wanafunzi wafundishwe kuisikiliza salamu hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, wala isiwe somo la nusu saa.

Ipo tofauti nyingine ambayo mipango mingi huisahau. Katika mzunguko huo mmoja msafiri hupita lugha za jamii mbili kubwa. Wagabra wa Kalacha na North Horr husema lugha iliyo moja na ya Waborana, katika kundi la Kioromo. Warendille wa Kargi na Korr, kusini yao, husema lugha ya Kikushi iliyo jirani na Kisomali. Ukifika Loiyangalani unawakuta Waturkana na Wasamburu, ambao lugha zao ni za Kiniloti, pamoja na Waelmolo, ambao lugha yao ya asili imetoweka na sasa husema Kisamburu. Mwongozaji mmoja hodari wa Kalacha si lazima awe hodari wa Kulal. Kiswahili kitawaunganisha wote, ndiyo, lakini mambo ya mawingu na matope mzee huyasema vyema zaidi katika lugha aliyoyajifunzia. Apangwe mtu wa kila upande.

Mfano wa neno moja utatosha kuonyesha hatari iliyopo. Neno laga limezoeleka sana katika mazungumzo ya Wakenya wanaosafiri kaskazini. Nairobi tunalielewa kuwa ni mkondo mkavu wa mchanga, wenye miti ya kivuli kandokando, mchanga wake laini na safi. Mwenye hema anapouona hutamani kulala hapo hapo. Lakini neno hili limetoka katika Kioromo, na huko maana yake ni mto. Mwenye lugha hakuliita bonde la mchanga, aliliita mto, kwa sababu anajua kwamba mto huo upo hata siku ambazo maji hayaonekani. Mvua hunyesha usiku mlimani, mbali na walalao, nyota zikiwa zinawaka juu ya mahema yao. Maji hushuka kwa kishindo bila ya tone moja kuwaangukia. Sisi tumelikopa neno, tukaiacha maana yake njiani. Sheria ya kambi iandikwe kwa herufi kubwa: hakuna hema ndani ya laga, hata kama hakujanyesha miezi sita. Na ikumbukwe kwamba miezi haiaminiki tena. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Kalenda ya Jiografia inayosema mvua ni Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Disemba ni mwanzo wa kuuliza, si jibu.

Kambi iwekwe mahali palipoinuka, kabla jua halijachwa. Pepo za upande wa Loiyangalani ni kali, hasa usiku, na hema lililosimama peke yake hung'oka. Magari yaegeshwe kwa pembe, migongo yake ikielekea upepo, na mahema yafungwe kwenye magurudumu, kwa kuwa mchanga haushiki vigingi. Gesi au makaa yabebwe kutoka mjini. Mgunga mmoja uliokatwa na wageni kwa chai ya jioni ulikuwa kivuli cha mbuzi wa mtu. Viatu vikung'utwe asubuhi, kwa ajili ya nge. Safari ianze alfajiri na ikome kabla ya adhuhuri, maana jua la utosini hufuta vivuli, na dereva asiyeona kivuli haoni shimo. Mazigazi nayo humwonyesha maji pasipo na maji.

Upepo wa magurudumu una lugha yake pia. Mchangani hupunguzwa, kutoka karibu paundi 40 hadi karibu 20 kutegemea mzigo, ili gurudumu lirefuke na kukanyaga pana. Lakini karibu na Marsabit na Kulal kuna mawe makali ya volkeno, na gurudumu legevu hukatwa ubavu mara moja. Pampu basi itumike mara kadhaa kwa siku moja. Mchanga unaishia wapi na mawe yanaanzia wapi? Mwenye kujibu ni yule yule mwongozaji aliyewekwa mstari wa mwisho.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya enzi zilizopita. Siku hizi kuna simu za setilaiti na ramani zinazomwonyesha dereva alipo hadi hatua kumi. Vifaa hivyo vibebwe, nami sitakubali mtoto wangu aende bila ya simu ya setilaiti. Lakini kifaa kinajua ulipo, hakijui ardhi iliyo chini yako ina maji kiasi gani leo. Tena mistari mingi iliyomo katika ramani hizo ni alama za magurudumu ya mtu fulani aliyepita mwaka fulani. Hiyo nayo ni "inapitika" nyingine, isiyo na mtenda wala siku. Alama za namna hiyo juu ya ganda la chumvi hudumu muda mrefu, na kila kundi linalochora njia yake mpya humwachia anayefuata fumbo jingine. Wafuate njia iliyopo. Penye shaka, mtu mzima ashuke atangulie kwa miguu.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Mkuu wa shule huuliza kwa nini alipe waongozaji wawili au watatu na ilhali dereva ni hodari. Nami nauliza: shule humlipaje mwalimu wa ndani na kumnyima mwalimu wa nje? Maana huyo anayejua kusoma tope kwa rangi yake ndiye mwalimu wa somo lililowapeleka wanafunzi huko. Wakazi wa kaskazini wana ada ya kumwuliza mtu aliyetoka Nairobi: "Habari za Kenya?" Ni mzaha wenye uchungu. Tangu enzi za ukoloni, wilaya za mpakani zilipofungwa na mtu akahitaji kibali kuingia, nchi hiyo imetazamwa kuwa ni nje. Kundi la wanafunzi linalokuja na kila kitu chake, likapiga picha, likaondoka bila ya kumwuliza mtu jambo la maana, hulithibitisha swali hilo.

Napendekeza basi mpango uanze miezi mitatu kabla, kwa barua na simu kwa shule moja ya huko, si kwa gereji. Wanafunzi wa Kiswahili wapewe kazi ya kutunga maswali, na wenzao wa North Horr au Kalacha wayarekebishe, wayacheke yakistahili kuchekwa, na waongeze yaliyosahaulika. Chifu na polisi wajulishwe majina, magari, siku ya kuondoka kila kituo na siku ya kutazamiwa. Kikundi kikikwama, kisiliache gari. Gari huonekana kutoka mbali na lina kivuli, na mwenye taarifa ya safari ataanzia hapo kutafuta.

Na safari ikiisha, taarifa iandikwe kabla ya kuondoka Marsabit, nakala moja kwa chifu na moja kwa shule mwenyeji, kwa ajili ya kundi litakalofuata. Iandikwe kwa kauli ya kutenda: tulipita Jumanne asubuhi, magari mawili, watu kumi na wanne pamoja na mwongozaji, tulibeba lita mia tatu, gari la pili lilizama nusu ya gurudumu upande wa Kalacha, tulizunguka kwa kushoto.